Tangulia na Chelewa

Chelewa ikiungua hutoa harufu yake peke yake, haifanani na ya kuni wala ya karatasi. Ni harufu kavu, kali kidogo, yenye utamu wa nazi kwa ndani, na haikai. Juma lililopita jirani yangu alikuwa akichoma taka nyuma ya nyumba, akautupa humo ufagio wake wa chelewa uliochakaa, nami nilikuwa jikoni nakata mchicha. Harufu iliponifika sikufikiri. Nilitupa kisu, nikanyakua ndoo, nikatoka pekupeku na kumwaga maji yote juu ya taka za watu. Jirani akabaki ameduwaa na kiberiti mkononi. "Ala! Umepatwa na nini leo, mwenzangu?" Nikamwomba radhi, nikasema nimeghafilika tu. Ningemweleza nini mwanamke wa watu, naye ana moshi machoni?

Ninyi nitawaeleza, maana mmekaa na hamna haraka.

Tulikuwa tukikaa Kibarani, pale Kilifi, mimi na Mama na mdogo wangu Charo, katika chumba kimoja cha kulala kilichopakana na karakana. Karakana ilikuwa ya Baba. Alikuwa fundi wa kuchora majina: vibao vya milango ya ofisi, vikombe vya michezo, vipande vya kuning'inizia funguo za hoteli, na vibao vya makaburi. Alikuwa akisema kazi yetu haina msimu, kwa kuwa aliye hai anataka cheo mlangoni na aliyekufa anataka jina kichwani. Maradhi ya figo yalimtoa duniani mimi nikiwa msichana wa shule ya msingi, na Charo akiwa bado ananyonya kidole. Watu walidhani karakana ingefungwa. Siku chache baada ya matanga, Mama alifungua mlango, akajifunga leso kiunoni, akaketi kwenye kiti cha marehemu. Walioguna waliguna.

Mashine ya kuchorea haikumshinda. Ilikuwa ya zamani, yenye herufi za shaba zilizochimbwa mfereji. Unazipanga kwenye reli, unafuata mfereji kwa kalamu ya chuma, na upande wa pili ncha inachimba herufi ileile kwenye kibao. Mama alizijua herufi zile kwa vidole. Nilikuwa nikimwona anazitoa sandukuni huku uso wake umeelekea mlangoni, anaongea na mteja, vidole vinapapasa, halafu tak, tak, tak, jina limepangika. Nilijivunia sana. Niliwaambia wenzangu shuleni kuwa mama yangu anaandika bila kutazama, kama vile ni mchezo wa sarakasi.

Mashine ya pili ndiyo iliyokuwa na matata. Vibao vingi tulivifanya kwa ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, mafundi wanaiita akriliki. Ukiikata kwa msumeno, ukingo wake unabaki mweupe wenye ukungu. Usugue kwa msasa mpaka mkono ufe ganzi, utalainika, lakini kioo hauwi. Dawa yake ni moto. Mashine yetu ilikuwa sanduku la bati lenye maji ndani. Ukiipa umeme, maji yanageuka hewa inayoshika moto, hewa hiyo inapita kwenye mpira hadi kwenye bomba dogo la mkononi lenye mdomo mwembamba kama sindano, na hapo ndipo unapowasha. Unaupitisha moto ule juu ya ukingo bila kusimama, na ukungu unayeyuka ukiuona, ukingo unakuwa kama umelowa maji. Ukikawia kidogo tu, plastiki inachemka, inatoa mapovu, kazi imekwenda na maji. Ukiharakisha mno, weupe unabaki. Mama aliupata mwendo wake kwa kuimba. Alikuwa na wimbo wa kutwangia mahindi aliotoka nao kwao Adu, ubeti mmoja kwa kila ukingo, na wimbo ukiisha ukingo umekwisha.

Sasa sikilizeni ubaya wa moto ule. Mchana hauonekani. Wallahi nawaambia, unaweza kusimama mbele ya bomba linalowaka, jua limeingia dirishani, usione kitu, usikie tu "fyuuu" kama mtu anayepuliza chai. Unanyoosha mkono uchukue kalamu, na ngozi inakwenda.

Kwa hiyo Mama alikuwa na masharti, na masharti yake yalikuwa sheria kuliko zile za kanisani. Hukaribii meza ya moto mikono mitupu. Unachukua chelewa, ule uti wa jani la mnazi tunaofungia mafagio, unaitanguliza mbele yako polepole. Ncha ikishika, moto uko pale, simama. "Tangulia na chelewa," alikuwa akisema, mpaka Charo akafikiri ni maneno ya kusema ukiingia nyumba yoyote. Kifungu cha chelewa kilining'inia kwenye msumari wake, upande wa kulia wa meza, na muuza mahamri mmoja aliyechungulia akamwona Mama akipepesa kijiti hewani alikwenda kutangaza kuwa Mama Sidi anaagua. Sidi ndiye mimi. Wateja walizidi kidogo baada ya hapo, sijui kwa nini.

Anayewasha lazima aseme "Nawasha!", na kila aliyemo ajibu "Nimesikia!" Charo aliipenda hiyo hata akawa anaijibu akiwa chooni. Nguo ni za pamba, nailoni marufuku, kwa sababu pamba inaungua na nailoni inakuganda. Chupa ya spiriti ilikaa nje, kwenye kijisanduku chini ya dirisha, na ole wako uitumie kupangusia ukingo uliotoka motoni: utapasuka nyufa ndogondogo kama tope lililokauka. Kulikuwa na kichupa cha maji katikati ya mpira, cha kuzuia moto usirudi nyuma ukalipua sanduku, na kila asubuhi Mama aliniuliza, "Maji yamefika wapi, Sidi?" nami namwambia yamefika mstari mwekundu, au yamepungua. Ndoo ya maji yenye gunia ndani ilikaa kushoto kwa mlango. Kishikio cha kulazia bomba kilikaa mezani, kulia kwa Mama, mdomo ukitazama ukuta. Na hakuna, narudia, hakuna binadamu aliyeruhusiwa kusogeza kitu. Siku moja nilihamisha mkasi, tena kidogo tu. Niliambiwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Sharti lililonichosha kuliko yote lilikuwa la kusema. Ukimwambia Mama, "Kalamu iko hapo," anakaa kimya kama hajasikia. Ukirudia, anakuja juu. "Hapo ni wapi? Hapo si mahali! Niambie kulia, niambie kushoto, mbali au karibu!" Nikawa mtoto anayesema kama ramani. Shuleni mwalimu aliniuliza kitabu changu kiko wapi, nikamjibu kiko kushoto kwako, Mwalimu, karibu na kiwiko. Darasa zima likacheka. Na oda zote alinisomesha mimi. "Nisomee, nijue hiyo karo naitoa kwa faida gani." Nasoma herufi moja moja, naye anapanga. Nilidhani ananipima.

Baba Mdogo Karisa, ndugu yake Baba, alikuwa na karakana yake Malindi. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke mapema. Mashine ya moto walikuwa wameinunua pamoja, yeye na Baba. Alikuwa akija kututazama, analeta maembe, anamnyanyua Charo juu mpaka anagusa boriti. Lakini maneno yalikuwa yakimfika. Mtu alimwambia amemwona Mama Sidi akivuka barabara amemshika mtoto bega, kama bikizee. Mwingine akamwambia alimpungia mkono sokoni akapitwa kama mti. Kisha ukafika wakati wa kumkumbuka marehemu, na ukoo ukataka kibao cha kuweka kaburini Ganze. Baba Mdogo akasema, "Shemeji, kibao cha ndugu yangu nitakuja nikione kikitengenezwa. Ukikimaliza kwa mkono wako mbele yangu, basi, maneno ya watu nitayazika, na karakana ni yako mpaka Mungu akuchukue. Usipoweza, mashine naichukua Malindi. Moto si ugali, shemeji. Una watoto mle ndani."

Mchana wa siku moja kabla Baba Mdogo hajaja, Mama alifunga mlango mapema. Alizunguka karakana yote akigusa kila kitu kwa ncha za vidole, meza, kishikio, msumari, ndoo, halafu anarudi na kuanza upya. Nikamuuliza kama amepoteza kitu. Akaketi sakafuni, akanivuta, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike Baba nikamwona analia. Hakulia kwa kujificha. Alilia mdomo wazi, kama mtoto.

"Sidi, wakiichukua mashine hii, mimi si mtu tena," alisema. "Wewe utakwenda Malindi kwa Baba Mdogo. Charo atapelekwa Ganze kwa shangazi yenu, akateke maji na punda. Mimi sijui watanitia wapi. Sitaki, mwanangu. Sitaki mtoto wangu hata mmoja alale mahali nisiposikia pumzi zake. Kesho usiniache hata dakika."

Nilimwambia sitamwacha. Lakini sikuelewa anaogopa nini. Mama yangu alikuwa fundi bora Kilifi nzima, kwangu mimi alikuwa bora Kenya nzima. Angeshindwaje na kibao kimoja? Nilimfuta machozi kwa pindo la leso, nikamchekesha kwa kumwiga Baba Mdogo anavyotembea na kitambi. Alicheka, kisha akainuka akaugusa msumari tena.

Asubuhi tulikwenda sokoni kununua samaki wa wageni. Huku nyuma Shangazi Kadzo, dada yao Baba, alikuwa amefika kutoka Ganze na kupewa ufunguo na jirani. Shangazi alikuwa na moyo mweupe na mikono isiyotulia. Akiona vumbi hapati usingizi. Alisema moyoni, wifi yangu ana siku kubwa leo, wacha nimsaidie. Tuliporudi karakana ilikuwa inameta. Pazia limefunguliwa, jua limejaa mpaka kwenye pembe. Ndoo ya maji ilikuwa nje, viti vya wageni vimewekwa mahali pake. Kishikio cha bomba kimehamishiwa mwisho wa meza, na palepale kilipokuwa kumekaa sinia la chai na vikombe. Msumari wa chelewa ulikuwa mtupu, kwa sababu chelewa zote alikuwa amezifunga akapata ufagio mzuri, na kwa ufagio huohuo ndio alikuwa amefagilia.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeona nyumba inavyopendeza?"

Baba Mdogo alikuwa tayari ameketi, kofia juu ya goti. Mama aliingia, akamsalimu, akaenda moja kwa moja mezani. Mkono wake ulipanda ukutani, ukaugusa msumari, ukaukuta mtupu. Uliganda pale. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Mama, chelewa hazipo, na kishikio kime..." Akaniminya vidole mpaka nikakunja uso. "Nyamaza," alisema kwa pumzi tu. Kwa sauti ya wageni akasema, "Asante, wifi. Umetusaidia sana."

Mtanisaidia kufikiri: angefanya nini? Angesema, rudisheni vitu mahali pake, mbele ya mtu aliyekuja kutafuta sababu? Nimeligeuza swali hili miaka na miaka.

Jina la Baba alilichora vizuri ajabu. Herufi zilinyooka, hakuna iliyopanda wala kushuka. Baba Mdogo aliinuka akatazama kwa karibu, akatikisa kichwa taratibu, macho yakamlenga machozi kwa kuliona jina la nduguye. "Mashallah," alisema yule Mkristo wa watu. Nikaanza kupumua. Kisha Mama akasugua kingo kwa msasa, akazipapasa kwa kidole gumba, akazibana kwenye reli ya mbao iliyokuwa ikiuongoza mkono wake, akavaa miwani ya kazi, akalivuta bomba kwa mpira wake mpaka likamjia mkononi, akawasha umeme.

"Nawasha!"

"Nimesikia!" tulijibu mimi na Charo. Shangazi akacheka, "Kumbe mko jeshini!"

Kwa jua lile hata mimi sikuuona moto. Nilisikia "fyuuu" tu, na wimbo wa Adu ukaanza. Ukingo wa kwanza ukatoka kama kioo. Mama aligeuza kibao kwa mkono wa kushoto, bomba bado liko kulia, akaimba ubeti wa pili. Nao ukang'aa. Wa tatu pia. Shangazi alikuwa ameanza kupiga kigelegele cha chini kwa chini. Mimi nilikuwa naomba, nakumbuka maombi yenyewe, Bwana, mmoja tu, umebaki mmoja tu.

Ukingo wa mwisho ulikuwa mrefu na ulitaka reli ikazwe upya kwa mikono miwili. Mama alilipeleka bomba kulia kwake, mahali ambapo kishikio kilikuwa kimekaa tangu enzi za Baba, akaliachia. Lilianguka kando ya sinia la chai, likaviringika, mdomo ukamgeukia yeye. Alikuwa ameshaanza kuimba huku anakaza reli. Ubeti ukafika katikati. Nikaona leso yake kiunoni inapata doa la kahawia, doa likapanuka, na moto halisi wa nguo, wa njano, ukaruka.

"Mama! Moto!"

"Wapi?"

Alikuwa amegeukia upande usio. Moto ulikuwa unampanda mbavuni, kila mtu anauona, na yeye ananyoosha mikono kuutafuta kwenye hewa tupu. "Wapi, Sidi? Wapi?"

"Kulia! Kiunoni, nyuma kidogo!"

Mkono ukatua palepale. Shangazi aliruka kwenda kumkumbatia, na Mama akapiga ukelele ambao nausikia hata sasa, "Msisogee! Bomba linawaka, hamtaliona! Sidi, zima mashine kwanza!" Nikazima swichi ya ukutani. Nikakimbilia ndoo, nikakuta viti, nikatoka nje, nikachomoa gunia lililolowa na kumfunga nalo Mama kiunoni. Moto ukafa. Charo alikuwa analia chini ya meza, "Nimesikia! Nimesikia!" maskini, hakujua neno jingine la kusema.

Mkono ulikuwa umeungua, na ubavu kidogo. Lakini Mama hakuuliza habari ya mkono. Aliivua miwani ile, akaketi wima, akatengeneza sauti yake ya wageni. "Shemeji, samahani sana," alisema. "Ni bahati mbaya ya leo tu. Kaa, kaa kitako, namalizia upande uliobaki, si kazi kubwa. Unaona mwenyewe tatu zimetoka vizuri."

Alikuwa anazungumza na kiti. Baba Mdogo alikuwa ameinuka zamani, amesimama kando yake karibu na bega, kiganja amekiinua mbele ya shavu lake, anakipungia. Mama hakupepesa. Aliendelea kukitabasamia kiti kile na kukibembeleza. Shangazi Kadzo aliziba mdomo kwa leso, akateremka ukutani mpaka chini.

"Tangu lini, shemeji?" Baba Mdogo aliuliza.

Sauti ilipotokea upande ule, Mama alinywea. Nilimwona anakuwa mdogo nikimtazama. Kisha akaanguka magotini, akaitafuta miguu ya Baba Mdogo kwa mikono, akaishika. "Naona mbele kidogo," alisema. "Kama kwenye tundu, lakini naona! Nitamaliza. Usinitenganishe na watoto. Nichape, nitukane, lakini usinitenganishe na watoto wangu."

Alilia Baba Mdogo pia. "Nifanye nini?" alisema. "Nikuache uungue na watoto wa ndugu yangu? Nikuzike na wewe?"

Mashine ilipakiwa kwenye pikapu. Na ikawa vilevile Mama alivyosema: mimi Malindi, Charo Ganze kwa Shangazi, na Mama kwao Adu, akaketi uani kwa kaka yake akipukuchua mahindi. Kibao kiliwekwa kaburini kingo tatu zikiwa kioo na wa nne mweupe. Hakuna aliyethubutu kuumalizia.

Nilikua nikimchukia kidogo, nikubali nisikubali. Kwa nini hakuniambia? Ningekuwa macho yake kwa hiari yangu. Karakana ya Malindi ilikuwa kubwa na yenye vijana wa kazi, na mashine yetu ilikaa kwenye kona yake. Hakuna aliyetumia chelewa. Waliona aibu. Mmoja aliungua nyusi zote mbili, akaitwa Yai mpaka alipoacha kazi. Mwingine alipangusia spiriti tuzo ya watu ikapasuka nyufa usiku kucha. Mimi nikafunga kifungu cha chelewa, nikakitundika kulia. Wakanicheka. Siku moja Baba Mdogo alinikuta nikikipitisha mbele ya bomba, ncha ikashika, harufu ikatoka. Tangu siku hiyo chelewa ikawa sheria ya karakana yake.

Nilipopata uwezo wangu nilimchukua Mama kutoka Adu. Daktari wa macho alituambia ni presha ya macho, inafunga taratibu kutokea pembeni, na kwamba kwa Mama ilikuwa imeanza zamani, pengine hata kabla Baba hajafa. Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Yote yalikuja kwa pamoja. Maji yamefika wapi, Sidi. Nisomee. Hapo si mahali. Mkasi usisogezwe. Nilikuwa nimelelewa ndani ya masharti ya mtu anayepofuka, nikadhani ni masharti ya moto. Hakunificha. Alinifundisha kila siku jinsi ya kuwa macho yake, ila alikosa njia ya kulitamka jambo lenyewe, kwa kuwa angelitamka tungetawanywa. Aliketi mbele ya moto asiouona, asubuhi hadi jioni, ili asikie watoto wawili wakipumua.

Mwaka huu Charo alikwenda kulisakafia kaburi la Baba, akaniletea kile kibao kikae kwangu mpaka saruji ikauke. Kimefifia kidogo kwa jua la Ganze. Nilimwekea Mama mapajani bila kusema neno. Vidole vyake vikalipitia jina, vikashuka kwenye kingo, laini, laini, laini, vikafika wa nne, vikasimama.

"Sikuumaliza ubeti," akasema.

Nikausugua ukingo kwa msasa, nikautia maji, nikaukausha. Nikamsogezea kiti karibu na meza ya mashine yetu, ambayo Baba Mdogo alinirudishia nilipoanza kazi yangu mwenyewe. Nikachukua chelewa. "Nawasha!" nikasema.

"Nimesikia," alijibu. Kisha akaliuliza lile ambalo siku ile hakuthubutu kuuliza kabla hajaliachia bomba, kwa sababu ya wageni. Aliliuliza kwa utulivu, bila haya, kama anayeuliza saa.

"Moto uko wapi, Sidi?"

"Kulia kwako, Mama," nikamwambia. "Mbali na wewe. Haukufikii."

Akaanza kuimba, kutokea pale katikati alipokatiza.